Siku Tuliyomwacha Bibi Harusi Uani

Mpiga tarumbeta hastaafu kwa sababu ya umri, anastaafu kwa sababu ya meno. Langu la mbele la juu liling'oka mwaka jana nikitafuna mahindi ya kuchoma pale Kayanga, na la jirani yake likalifuata kabla msimu wa kahawa haujaisha. Nikajaribu kupulizia pembeni ya mdomo. Ikatoka sauti ambayo mke wangu alisema ni ya birika la chai. Basi nikaifunga tarumbeta kwenye shuka, nikampelekea Deusi nyumbani kwake, nikamwambia kundi sasa ni lenu.

Ninyi mliojiunga juzi mkaniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi. Habari za nani alikuwa mkubwa na nani alilipwa nini nimeziacha. Waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo hazitawasaidia kupuliza. Nitaandika ninayoona yana faida kwenu. Halafu nitaandika ile harusi ya Rugu, maana nasikia Deusi anaisimulia kana kwamba hakuwepo.

Kundi lilianzishwa Nyakasimbi na Mzee Bonifasi, ambaye utotoni alipiga tarumbeta shule ya misheni na akaondoka na ufundi nusu. Nusu hiyo ndiyo aliyotugawia. Hakunipa shaba siku ya kwanza wala msimu wa kwanza. Alinikatia bua la mpapai, akaniambia, "Nenda nalo shambani. Likianza kulia kwa sauti moja bila kutetemeka, rudi." Nikapuliza bua kwenye migomba hadi mbuzi wangu wakaacha kushtuka. Jirani alimuuliza mke wangu kama nina ugonjwa ambao familia inauficha.

Siku yangu ya kwanza hadharani ilikuwa Songambele, siku ya gulio. Mwenye duka la mbegu na mbolea alikuwa anafungua duka, akataka tupite barabarani tukipiga hadi mlangoni kwake. Mzee Bonifasi alikuwa ametupa sheria moja: ukiwa barabarani usisimame. Tukaanza. Katikati ya gulio nikaona watu wanatupisha mapema kuliko kawaida, nikajivuna. Nikageuka. Nyuma yetu kulikuwa na kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu, wametulia kabisa, wanafuata ngoma. Mwenye ng'ombe alikuwa nyuma yao anapiga mayowe, na kila alivyopiga mayowe ndivyo Alfonsi alivyozidi kupiga ngoma, akidhani anashangiliwa. Pembe ya yule wa mbele ilikuwa karibu na shingo yangu, nahisi pumzi yake. Sikusimama, kwa sababu ya sheria, na kwa sababu ya pembe. Tulifika dukani na ng'ombe wote. Mwenye duka hakutuita tena.

Sasa vifaa. Vumbi letu ni jekundu na linaingia kokote. Vitufe vya tarumbeta vikikwama msitie mafuta ya kupikia, kama alivyofanya mtu nisiyemtaja. Yanashika vumbi, na baada ya wiki una tope ndani ya shaba. Tieni mafuta ya taa kidogo, kwa unyoya wa kuku. Shaba isugueni kwa ndimu na jivu, kisha muioshe upesi. Besi, ile kubwa inayovaliwa mwilini, msiipulize kabla hamjaitikisa, kwa sababu nyigu wanaipenda. Prosper aliipuliza bila kuitikisa, na mdomo wake wa juu ulivimba, ukakaa nje siku kadhaa. Alikula uji kwa mrija, akawa mkali kwa kila mtu.

Hatukuwa wazuri. Niseme hilo wazi, maana mjukuu wangu amekuwa akisema babu alikuwa mwanamuziki mkubwa. Tulikuwa na nyimbo tatu: wa kuondoka, wa kuingia na wa keki. Nyimbo nyingine tulizojaribu zilirudi zenyewe kwenye mojawapo ya hizo tatu. Watu walituita kwa sababu kundi jingine lilikuwa Bukoba, na Bukoba ni mbali.

Lakini mpiga matarumbeta wa harusi hahitaji nyimbo nyingi. Anahitaji kujua wakati. Sisi ndio tunaotangulia msafara, juu ya pikapu, na kwa barabara zetu madereva wote hufunga vioo kwa ajili ya vumbi. Hawaoni kinachoendelea uani, wanasikia tu. Matarumbeta yakianza wimbo wa kuondoka, wanaweka gia. Kwa hiyo kila mara tulipatana alama na watu wa bwana harusi: bibi harusi akishakaa kwenye gari, mpambe atasimama langoni na kupunga leso nyeupe. Leso ikipungwa, piga. Isipopungwa, kaa na shaba yako mapajani. Jambo lenyewe ni jepesi kiasi hicho.

Harusi ya Rugu ilikuwa ya Domitila, binti wa Mzee Kaijage. Mzee Bonifasi alikuwa ameshatutoka, nami ndiye niliyekuwa naongoza. Tulikuwa wanne: mimi, Deusi na tromboni yake, Prosper na besi, Alfonsi na ngoma.

Mzee Kaijage ana kibanja kikubwa cha ndizi na kahawa mlimani, alichoachiwa na baba yake. Bwana harusi aliitwa Nestori. Babu yake Nestori alitoka Burundi, akaja kulima kibarua katika kibanja hicho hicho, na baba yake Nestori akachuma kahawa humo humo. Nestori mwenyewe ana shamba lake upande wa pili wa bonde, na ni mtu mtulivu, lakini kwa Mzee Kaijage alibaki mjukuu wa kibarua. Mzee alikataa kwa muda mrefu. Domitila hakubishana naye, ila kila aliyekuja kumposa akamrudisha, mpaka wenzake wote wakawa na watoto wanaokwenda shule. Mwishoni padre na shangazi zake wakamlainisha mzee, naye akakubali kwa mdomo. Akatangaza mbele ya watu kwamba atambariki mtoto nyumbani, uani, lakini kanisani hatakanyaga kumkabidhi kwenye mkono ule.

Na nyumbani kwake kuna jambo wanalolishika. Binti akishavuka kizingiti kwenda kuaga wazazi uani, harudi ndani siku hiyo. Akirudi, hata kwa kusahau kitu, kuaga kumebatilika, na lazima kupangwe siku nyingine, wazee waitwe upya. Sasa Jumatano iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu. Ndani ya Kwaresima harusi hazifungwi kwetu. Tena padre wetu ana vigango vingi na gari moja, na siku ile alikuwa aondoke kwenda kigango kingine kabla mvua haijaharibu barabara. Kila mtu pale uani alijua: isipofungwa leo ni baada ya Pasaka, na hadi Pasaka Mzee Kaijage atakuwa amepata sababu nyingine ya kukataa.

Asubuhi ile wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima na watu wakawa wakali wakali. Kulikuwa na ubishi kama bibi harusi apande gari dogo lililopambwa maua au Landkruza ya mjomba, kwa ajili ya utelezi. Ubishi ulikatika kwa chakula, haukumalizika. Hilo mlikumbuke.

Tukapanda pikapu yetu, magari yakajipanga nyuma, injini zikawashwa. Domitila akatoka, akavuka kizingiti, akapiga magoti mbele ya wazazi. Shangazi yake, Paskazia, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi, alikuwa amesimama karibu na lango. Alipomwona mtoto amepiga magoti alianza kulia. Akaingiza mkono kifuani, akatoa leso, akaikung'uta kwanza kama mtu anavyokung'uta kitambaa kilichokunjwa. Ilikuwa nyeupe.

"Leso hiyo," Deusi akasema, na kabla sijageuza shingo akapiga.

Nilitazama. Ni kweli kulikuwa na leso. Na Mzee Bonifasi alitufundisha kwamba mmoja akianza wote mmeanza, maana kundi likisita linaonekana. Nikaingia, Prosper akaingia, Alfonsi akashusha mkono kwenye ngoma, na dereva wetu, ambaye ngoma inapigwa nyuma ya kisogo chake, akaondoa gari. Honi zikaanza. Mpambe alikuwa bado anahangaika na tai yake, akaona magari yanamwacha, akadandia Landkruza. Pikipiki zote zikafuata, kwa sababu sijaona dereva wa bodaboda anayekubali kupitwa na msafara. Shangazi Paskazia akakimbia hadi nje ya lango akitupungia leso kwa nguvu zote. Tukadhani anatuaga. Tukaongeza sauti.

Mimi hukaa nikitazama nyuma, ili vumbi lisiniingie mdomoni. Barabara ya pale inashuka ikizunguka, na kwenye kona ya pili mlima wote unaonekana tena. Nikaiona nyumba ya Kaijage juu ya migomba, nikauona uwanja, na katikati ya uwanja kitu cheupe kimesimama.

Nikatoa tarumbeta mdomoni. "Deusi. Yule pale ni nani?"

"Yupi?"

"Yule mweupe."

Deusi akatazama kwa muda. "Atakuwa msimamizi wake."

"Msimamizi amevaa kijani. Yuko ndani ya Landkruza."

Deusi akashusha tromboni. Alfonsi aliendelea na ngoma, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Nikapiga kofi juu ya paa la dereva hadi akasimama, na magari yote yakasimama nyuma yetu yakiguna.

Mpambe akashuka Landkruza anacheka, akidhani tumepata pancha. Nikamuuliza bibi harusi yuko gari gani.

"La maua," akasema.

Dereva wa gari la maua akateremsha kioo. "Si alipanda Landkruza? Mlisema utelezi."

Wakatazamana. Kisha dereva yule akashuka, akafungua mlango wa nyuma wa gari lake, akainama kuangalia chini ya kiti. Simlaumu. Mtu akishtuka hutafuta popote.

Simu tulikuwa nazo, lakini kwenye kona ile mtandao haupo, na kabla ya hapo honi zilikuwa zimemeza kila kitu. Shangazi Paskazia alimpigia msimamizi mpaka akachoka. Kugeuza magari ndiko kulikokuwa kugumu. Upande mmoja kuna ukingo wa udongo, upande mwingine bonde, na msafara wote umebanana kuanzia pikapu mbele hadi pikipiki nyuma. Ilibidi warudi kinyumenyume, mmoja mmoja, wakianza wa mwisho. Mpambe akavua koti, akaanza kuelekeza. Radi ikapiga upande wa Kyerwa.

Nikaruka chini, tarumbeta ikining'inia shingoni kwa kamba yake. "Tunapanda kwa miguu," nikamwambia Deusi. "Tulioanza ni sisi." Prosper na Alfonsi wakabaki na vyombo vyao vizito.

Deusi akaja na tromboni. Nikamuuliza ya nini.

"Tukienda mikono mitupu wataona tumekuja kuomba msamaha."

"Tunakwenda kuomba msamaha, Deusi."

"Ndiyo, lakini kwa heshima."

Tukakata ndani ya vibanja vya watu. Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa na wajukuu, na mlima ule ni mkali. Mbwa akatoka kwenye nyumba ya kwanza, akatukimbiza hadi nyumba ya pili, ambako wa pale akampokea zamu. Deusi alijikinga kwa tromboni, na alipoizungusha, ule mrija wake unaovutwa mbele na nyuma ukachomoka, ukaruka, ukapotelea kwenye majani makavu ya migomba. Alitaka kuutafuta. Nikamvuta kwa shati. Hadi leo mrija ule uko Rugu, chini ya mgomba wa mtu.

Tulipofika langoni sikuweza kusema. Nilishika magoti nikahema. Uani kulikuwa na wazee, wanawake wachache na mama yake Domitila amekaa mkekani amefunika uso. Domitila alikuwa amesimama katikati, kati ya nyumba na lango, Shangazi Paskazia amemshika kiwiko. Mzee Kaijage alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema nilipopata pumzi.

"Marahaba. Mmesahau nini?"

"Bibi harusi, mzee."

"Ee waitu. Mtu akitoka sokoni husahau chumvi. Ninyi mmesahau mtu." Alisema polepole, bila hasira ya kuonekana, na hilo likaniogopesha. "Magari mengi yamekuja hapa kumchukua mtoto wangu. Magari yamekwenda, mtoto yupo. Basi nimeelewa kilichokuwa kinatakiwa."

Deusi alifungua mdomo. Nikamkanyaga.

Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa. Mzee akamgeukia binti yake, na sauti yake ikawa laini kabisa. "Domitila, mwanangu. Mvua hiyo. Ingia ndani."

Kila mtu pale alisikia alichosema na alichokuwa anafanya. Hatua chache nyuma, kuvuka kile kizingiti, na mambo yote yangekuwa yamekwisha. Hakukuwa na neno baya hata moja ndani yake, baba anamwambia mtoto asilowe, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumjibu. Domitila alikuwa mtoto mtiifu. Nilimwona mguu wake mmoja ukianza kugeukia mlango.

"Mae, mwanangu, usirudi," Shangazi akamnong'oneza. "Ukivuka hapo tumekwisha."

"Nitasimama hapa, tata," Domitila akamwambia baba yake.

"Utalowa."

"Nitalowa."

"Kaka," Shangazi akasema, "tungoje magari yageuze."

"Sijamkataza mtu. Nimesema mtoto asilowe." Akasogea kando ya mlango, akauacha wazi.

Tukasikia magari kule chini yakinguruma, na ngurumo hiyo haikuwa inakaribia. Mvua ikaongezeka. Shela ikaanza kumlalia usoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, maana leso ya mwanamke anayelia ndiyo iliyomsimamisha mtu mahali pale, naye hakututazama kwa ubaya hata mara moja.

Kisha Domitila akaniuliza, "Mzee, padre bado yupo?"

"Sijui, mwanangu."

"Mnaweza kupiga mkitembea?"

Njia ya bondeni ilikuwa ile aliyopita utotoni kuteka maji. Inashuka kwenye migomba, inavuka kijito, inapanda hadi kigangoni, fupi kuliko barabara. Lakini bibi harusi kwa miguu, kwenye tope, mbele ya macho ya baba huyu?

"Tunaweza," Deusi akajibu, huku ameshika nusu ya tromboni.

Domitila akavua viatu, akampa shangazi yake. Akakusanya gauni mkononi, akatembea kuelekea lango. Nikatangulia mbele yake, nikaweka tarumbeta mdomoni, na kilichotoka ni hewa.

"Domitila," mzee akaita.

Akasimama. Hakugeuka. Wote tulisimama. Nilijua kwamba mzee akimwambia rudi, kwa jina lake, kwa sauti ya amri, hakuna mtu mwingine pale mwenye uwezo wa kulifuta neno hilo.

"Ngoja," mzee akasema, na akaingia ndani.

Tukamngoja kwenye mvua tukiwa hatujui atatoka na nini. Alitoka na mwavuli mweusi, mkubwa, wenye waya mmoja uliovunjika. Akaja mpaka alipo binti yake, akaufungua juu ya kichwa chake.

"Mimi kanisani siendi," akatutangazia wote. "Ninamkinga mtoto. Mvua ikikatika ninarudi."

Hivyo ndivyo tulivyoshuka. Mbele mimi na Deusi, nyuma yetu Domitila na baba yake chini ya mwavuli, kisha mama yake, shangazi na wanawake wakiimba. Mimi nilipiga wimbo wa kuondoka kila nilipopata pumzi, nikaukatisha kila nilipoteleza. Deusi bila mrija alikuwa na sauti moja tu, ile ya chini, na aliitoa popote alipoona inafaa. Mzee aliteleza mara moja, Domitila akamdaka. Na katika maisha yangu yote ya kuzunguka na shaba juani na kwenye matope, sikuwahi kuiombea mvua kama siku hiyo. Nadhani wote tulikuwa tunaiomba. Kila ilipopungua mzee alitazama juu, na wanawake walipunguza wimbo.

Kwenye kijito ikakatika kweli. Majani yalikuwa yanadondosha, basi. Mzee akasimama, akatoa mkono nje ya mwavuli, akaugeuza kiganja juu. Domitila akatazama maji yanayopita. Hakumwomba. Nilikaribia kumwomba mimi.

"Imekatika," mzee akasema.

Kwa kutojua la kufanya, Deusi akatoa ile sauti yake, ndefu. Iligonga mlima wa pili ikarudi. Sisemi kwamba tromboni huleta mvua. Nasema tu kwamba mvua ilirudi, kubwa kuliko mwanzo, na mzee akaurudisha mkono ndani na kupiga hatua.

Padre alitueleza baadaye kwamba alikuwa ameshaweka begi garini na mguu mmoja ndani. Watu walikuwa wamemshauri aondoke, barabara itafunga, bibi harusi ameghairi. Akasikia mlio bondeni. Alidhani ng'ombe ametumbukia shimoni, na akaona haifai kuondoka akamwacha ng'ombe wa mtu. Alipokuwa anasikiliza alisikia tarumbeta, akasema ng'ombe hapigi tarumbeta, na akashusha begi.

Tukatokea kwenye migomba tumelowa, tuna tope mpaka kiunoni. Watu wakasimama barazani. Padre akavaa mavazi yake na kuingia haraka. Tulipofika chini ya paa la baraza mzee akafunga mwavuli, akaukung'uta.

"Hapa kuna bati," akasema. "Nimefikisha."

Domitila aliangalia ndani ya kanisa. Upepo wa mwezi uliopita ulikuwa umeng'oa mabati kadhaa, na walikuwa bado hawajayarudisha. Maji yalikuwa yanamwagika katikati ya njia, kuanzia mabenchi ya nyuma hadi mbele.

"Tata," akasema, "humo ndani kunavuja."

Mzee akanyoosha shingo. Akaangalia juu kwenye matundu, akaangalia chini kwenye madimbwi, akamwangalia mtoto wake mwenye shela iliyoganda kichwani. Alikaa hivyo mpaka padre akakohoa kule mbele. Kisha akaufungua mwavuli tena. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi auinamishe ubavu ili upite.

Hakuna aliyecheka, hata watoto. Mimi na Deusi tuliingia nyuma yao tukasimama ukutani. Wimbo wa kuingia ndio uliopaswa kupigwa, na Deusi akainua nusu tromboni yake. Nikamshika mkono.

Nestori alikuwa anangoja mbele, mahali palipovuja kuliko pote. Alikuwa amesimama pale pale tangu walipomwambia asimame, na suti yake ilikuwa imegeuka rangi. Mzee alimfikisha binti yake, akabaki amesimama kando yake na mwavuli, akitazama ukuta. Padre akasoma. Maji yalikuwa yanamwagikia Nestori kichwani na kushuka shingoni, naye hakuyafuta. Padre akamwambia aushike mkono wa kulia wa Domitila. Akanyoosha mkono kutoka pale alipokuwa, bila kusogeza mguu, kama mtu anayejua mpaka wa shamba la mwenzake unapoishia. Vidole havikufika.

Mzee Kaijage akaendelea kutazama ukuta.

"Sogea, kijana," akasema. "Unalowa."

Akausukuma mwavuli mbele hadi ukawafunika wote wawili, na maji yakaanza kumwagikia yeye begani.